Kuta za Philadelphia, kuta za Mombasa

Mgeni akiingia Mombasa, lazima apige picha kwenye Mapembe ya Moi Avenue, yale matao makubwa yenye umbo la pembe za ndovu juu ya barabara. Nasi wenyeji tunayapenda. Ukimwelekeza mtu njia utayataja, ukipanga kukutana na mwenzio mtaambiana Mapembeni, na ukiyatazama kwa mbali unaiona herufi M ya mji wetu. Ila yalisimamishwa miaka ya 1950, enzi za mkoloni, kwa heshima ya wageni wa kifalme kutoka Uingereza. Hatukuulizwa. Tuliyakuta, tukayafanya yetu, kwa sababu watu wa mji hawaishi bila alama yao.

Mimi sasa naishi Philadelphia, Marekani, mji wenye maelfu ya michoro mikubwa ukutani. Ilianza mwaka 1984, vijana walipokuwa wakipuliza rangi kila mahali na mji ukaanzisha mpango wa kuwazuia. Msanii Jane Golden alipewa jukumu la kuwafuata vijana hao, akawapa brashi na kuta za halali. Mpango huo ndio leo Mural Arts Philadelphia.

Linalonigusa zaidi ni jinsi kazi inavyofanyika. Mchoro hugawanywa vipande vya kitambaa chepesi, kila sehemu imeandikwa namba ya rangi yake. Vipande hupelekwa shuleni, kwenye vituo vya wazee, hata gerezani. Asiyejua kuchora anapaka namba aliyopewa. Halafu mafundi hupanda jukwaani na kuvibandika ukutani kwa gundi, kimoja baada ya kingine, mpaka huoni vilipoungana. Nami nilipaka kipande, bega la mtu, kahawia tatu zinazofuatana. Nikipita pale na wanangu nawaonyesha lile bega. Na wazee wa mtaa ule, ole wako wakuone unabandika tangazo juu ya mchoro! Ukuta una wenyewe.

Nikiwaza kwetu, mikono tunayo. Milango ya Mji wa Kale imechongwa nakshi na mafundi ambao wengi wao hatuyajui hata majina. Matatu zetu zinapakwa rangi na vijana wenye kipaji kikubwa, na mwenye gari analipa kwa hiari yake kwa kuwa anajua abiria huvutwa na nini. Fort Jesus kuna michoro ya meli iliyochorwa ukutani na Wareno waliokuwa wakiishi humo, na hadi leo inatunzwa. Mbona tusiwatunze wachoraji wetu walio hai?

Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya mjini yapakwe rangi nyeupe na buluu. Mji ulipendeza, sikatai. Lakini ukuta mweupe haumwelezi mtoto wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, kwamba babu yake alikuwa nahodha, au mjenzi wa majahazi, au kuli bandarini. Najua wapo watakaosema tuanze na maji na taka, na kilio chao ni cha haki. Ila mtu anayeuona mtaa kuwa wake ndiye anayekataa taka zimwagwe pale, kwa hiyo sioni ni mambo mawili ya kushindana. Wapo pia wasiopenda sura za watu kuchorwa, kwa sababu za dini, nao wasikilizwe. Tuna nakshi, tuna hati za Kiarabu, tuna majahazi, tuna maneno ya kanga. Hayo yanajaza mji mzima bila kuchora uso hata mmoja.

Ningeanzia kwenye kivuko cha Likoni, watu wanaposimama kusubiri feri asubuhi na jioni. Waulizwe wavukaji wenyewe wanataka kuona nini, kisha wapewe brashi. Mimi kura yangu naipa mgomo wa Januari 1947, wafanyakazi wa bandari na reli walipoweka zana chini na Mombasa nzima ikasimama. Ningependa majina ya kazi zao yaandikwe pale kwa herufi kubwa, yasomeke kutoka majini.