Kontena la friji haligandishi samaki

Mtu akinipigia simu anataka kupeleka samaki Ulaya kwa meli, kuna swali ambalo halikawii kuja: "Fundi, si nipakie tu wakiwa na ubaridi kidogo, halafu wagande njiani? Mpaka wafike Mombasa watakuwa mawe."

Hawatakuwa mawe. Mimi ni fundi wa makontena ya friji hapa Kampala, nimelelewa Busia upande wa Uganda, na natamani kila mfanyabiashara wa sangara, wa kuku au wa parachichi alijue jambo hili kabla hajalipa hata shilingi ya usafiri: kontena la friji kazi yake ni kutunza baridi ambayo mzigo umekuja nayo. Mzigo wa kugandishwa ukiingia vuguvugu, mashine itahangaika usiku na mchana, na pengine katoni za pembeni zitagonga baridi inayotakiwa. Zile za katikati zitabaki nyuma, zikiharibika taratibu.

Kugandisha hufanyika kiwandani, kwenye chumba chenye mashine kubwa na upepo mkali, ili mnofu upite haraka kutoka ubichi hadi kuwa jiwe. Ukigandisha polepole, barafu ndani ya nyama hujijenga kwa chembe kubwa zinazoichana. Mnunuzi kule Hispania au Uholanzi akiyeyusha, maji yanamwagika na mnofu unalegea, na hapo hakuna maelezo yatakayokuokoa. Kipimo cha soko la Ulaya kinajulikana: nyuzi mainasi 18, yaani 18 chini ya sifuri, au baridi zaidi ya hapo katika kila sehemu ya bidhaa. Safarini wanavumilia joto kupanda kwa muda mfupi, lakini lisizidi nyuzi 3.

Sasa tuje kwenye kupakia, maana kwa niliyoyaona mimi, mzigo mwingi unaharibikia pale pale uani kwetu, bado hata haujaiona bahari. Katoni inafunguliwa, kijana wa ubora anatoboa mnofu kwa drili ndogo, anaingiza kipimajoto mpaka katikati, tunasubiri namba itulie. Ikisoma mainasi 20 tunaendelea. Ikisoma mainasi 12, katoni zinarudi stoo ya baridi, hata kama dereva amenuna na wakala anapiga simu kila dakika kukumbusha kwamba meli haisubiri mtu. Viwanda vinavyonipa raha ni vile ambavyo msimamizi hatetemeki katika dakika hiyo.

Wengi hushangaa ninapokataa kuliwasha kontena mapema "lipoe kwanza." Hewa yetu ya kandokando ya ziwa ina unyevu mwingi. Kontena likiwa limepoa na milango ikafunguliwa mahali ambapo hapana kizuizi kati yake na stoo, unyevu wote unakimbilia ndani. Kuta zinatoka jasho, koili, yale mabomba ya kupozea, zinavaa barafu, na mashine inaanza safari ikiwa tayari imezibwa pumzi. Kwenye viwanda ambavyo mlango wa stoo umeunganishwa sawasawa na mlango wa kontena, hewa ya nje isipite, poza upendavyo. Pasipo na hicho, zima mashine, pakia upesi, funga, ndipo uwashe.

Halafu kuna hewa. Baridi ya kontena inatoka chini, inapita kwenye mifereji ya sakafu, inapanda kuzunguka mzigo na kurudi juu kwenye mashine. Ndiyo maana kuna mstari mwekundu ukutani: katoni zikiupita, hewa haina njia ya kurudi. Wapakiaji wanaujua mstari, lakini zikibaki katoni kumi za mwisho ambazo hakuna anayetaka kuzirudisha, mstari unasahaulika. Na sakafu ya karibu na mlango isiachwe wazi. Hewa ikipata pengo, itapanda hapo na kurudi bila kuufikia mzigo wa mlangoni.

Shida hii ya hewa ni ya zamani kuliko kontena lenyewe. Mwaka 1882 meli ya matanga iitwayo Dunedin ilitoka New Zealand kwenda London na kondoo waliogandishwa. Walipofika ukanda wa joto, baridi haikuwa ikienea vizuri. Nahodha Whitson akatambaa mwenyewe ndani ya njia ya hewa akakata matundu zaidi, nusura agande humo. Wenzake walimvuta kwa kamba. Nyama ilifika salama. Huwa nawasimulia vijana wapya kisa hiki wakiwa wameshika katoni mbele ya mstari mwekundu.

Barabarani, kutoka hapa mpaka Mombasa ni kilomita 1,100 na ushei, na muda wote huo kontena linaishi kwa jenereta iliyofungwa kwenye trela. Jenereta inakunywa lita kadhaa za dizeli kila saa, lori likitembea au likisimama. Ukipita Jinja, Iganga, Bugiri mpaka Malaba hujachoka bado. Foleni ya mpakani ndiyo inayomaliza dizeli. Mambo yamerahisishwa sana tangu forodha za nchi zetu zianze kushirikiana mwaka 2014 na ukaguzi wa mpakani kufanywa mahali pamoja, lakini siku mtandao ukilala, malori yanalala nao. Na kuna wizi. Usiku kwenye maegesho dizeli inanyonywa tangini, asubuhi jenereta imekata pumzi na kioo cha mashine kinamulika alamu. Dereva mmoja mzee, mtu ninayemheshimu sana, hulala akiwa ameshusha kioo cha dirisha kidogo. "Nikisikia kimya, naamka," aliniambia. "Sihitaji saa ya kuniamsha."

Madereva wa namna hiyo walipwe vizuri. Wanabeba tani 25 za chakula cha watu na hawapewi shukrani inayowatosha. Wao pia ndio wanaolinda lakiri, ile sili ya mlango wa kontena, isiguswe ovyo, kwa sababu namba yake imeandikwa kwenye cheti cha afya kinachosafiri na mzigo. Lakiri ikibadilishwa njiani bila maandishi rasmi, kule bandarini Ulaya cheti na kontena havitaelewana.

Baharini sina mengi. Bandarini Kilindini kontena linachomekwa kwenye plagi, melini vilevile, na mabaharia hupita kukagua. Mzigo uliogandishwa sawasawa una subira. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka kwa wiki mbili hivi, na minofu ya mainasi 18 ilivumilia.

Parachichi halina subira hiyo. Ni tunda hai, linapumua na kutoa joto lake lenyewe hata likiwa kwenye nyuzi 5 au 6. Kwa hiyo katoni zake zipangwe matundu yakitazamana ili hewa ipite ndani ya mzigo. Minofu tunaibananisha, hewa iuzunguke mzigo kwa nje. Wakulima wa parachichi aina ya Hass wa Mayuge wanaoniuliza kuhusu njia ya meli nawaambia waombe kontena linaloweza kupunguza oksijeni na kudhibiti hewa ya ukaa, lakini kwanza wahakikishe kila tunda limevunwa limekomaa na limepozwa siku hiyo hiyo. Kwa samaki wabichi wasiogandishwa, ndege ya Entebbe ni ghali lakini ndiyo njia.

Mashine ya kontena huweka kumbukumbu ya joto muda wote, na mnunuzi akilalamika, mkaguzi wake anazitoa zote. Pale inaonekana saa uliyowasha, saa dizeli ilipoisha, saa ulipofungua mlango. Ningependa sana kuona yadi za magari pale Malaba na Busia zikiwekewa plagi za umeme za kutosha, mtu achomeke kontena lake kwa malipo na jenereta ipumzike. Wenye yadi wakitaka kujua umeme wa aina gani unahitajika, ni wa fezi tatu, volti 400 hivi, na plagi yake ni moja kwa makontena karibu yote. Nitakuja kuwaonyesha, nauli nitajilipia.