Safari ya tatu ya Brocken: tatizo halikuwa upepo

Rekodi imekubali. Naandika nikiwa bado nanuka makaa ya mawe, na faili nimelihifadhi sehemu tatu kwa woga. Dakika 49 za kichwa cha mvuke kikipanda kutoka stesheni ya Drei Annen Hohne hadi kileleni Brocken, mlima wa safu ya Harz huko Ujerumani, bila ule mngurumo ulioniharibia safari mbili zilizopita na nusura uniharibie ndoa.

Kwa aliyekosa kumbukumbu za mwanzo: mimi nataka sauti, si picha. Picha za treni za Harz zimejaa, na wapiga picha wana pesa kuliko mimi. Nataka mpando mzima usiokatwa, pigo kwa pigo, mtu akifumba macho ajue injini inahangaika wapi na inapumua wapi.

Kwa nini huko? Kwanza ni karibu, kutoka Magdeburg ninakoishi nafika Wernigerode, mji treni inakoanzia, kabla ya saa nne asubuhi. Pili ni mambo ya damu. Reli za Harz ni za mita moja kama zetu. Ukisimama stesheni ukatazama chini kati ya vyuma viwili, ni upana uleule wa njia ya Tanga ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1893, miaka sita kabla treni haijafika kilele cha Brocken. Nimekulia Korogwe, nyumba ya tatu kutoka relini. Nikiona geji ya mita moja, moyo unatulia.

Vichwa vinavyopanda huko ni vile 17 vilivyojengwa Babelsberg kati ya 1954 na 1956, magurudumu kumi ya kuendeshea, silinda mbili. Miaka hiyohiyo Manchester ilikuwa inaunda Garratt, injini kubwa mno za mvuke, 34 za daraja la 59 kwa ajili ya East African Railways, nazo za mita moja, zikapewa majina ya milima. Mojawapo, Mount Shengena, ipo makumbusho ya reli Nairobi, na sisi wa njia ya Tanga na Moshi hatuhitaji kuelezwa Shengena uko wapi. Mbele yake kichwa cha Harz ni mtoto, tani sitini na kitu dhidi ya mia mbili hamsini. Lakini mtoto anafanya kazi na mkubwa amelala, ndiyo maana nauli yangu inaishia Ujerumani.

Sasa tuje kwenye mngurumo.

Safari ya kwanza nilitumia simu, nisirudie aibu hiyo kwa kirefu. Simu inajipandishia na kujishushia sauti yenyewe. Injini ikipiga kwa nguvu simu inaogopa na kushusha, ikitulia inapandisha, matokeo yake treni nzima inasikika kama inazama na kuibuka majini. Filimbi ilipolia, sauti ikapasuka kabisa.

Safari ya pili nilikuwa na rekoda halisi, sponji juu ya maiki, manyoya juu ya sponji, na kibanio cha chuma kilichoshika ukingo wa kibaraza cha behewa. Mabehewa haya yana vibaraza vya wazi kila mwisho na abiria wanaruhusiwa kusimama hapo, raha ambayo siijui kwenye treni nyingine yoyote ninayopanda. Nikarudi nyumbani nikijiona fundi. Nikavaa hedifoni. Bububububu. Toka mwanzo hadi mwisho, chini ya kila kitu, kama lori limewashwa chumba cha pili.

Kila niliyemuuliza alisema upepo. Nami nikakubali upesi, maana Brocken na upepo ni ndugu: ndicho kilele kirefu kuliko vyote kaskazini mwa Ujerumani, mita 1,141, na mwezi Novemba 1984 ulipimwa hapo upepo wa kilomita 263 kwa saa. Basi nikapambana na upepo. Nikashona koti la pili la manyoya, na manyoya yenyewe yalitoka kwa dubu wa binti yangu, ambaye nilimchuna usiku wakati mwenyewe amelala. (Hili halikupita salama.) Nikajaribu pia kukata sauti za chini kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Ukikata chini ya hezi 120 mngurumo unapungua kweli, lakini pigo la dohani nalo linaondoka na kifua chake, unabaki na treni ya katuni.

Wiki tatu nimepoteza hapo. Wiki tatu, namshonea maiki makoti kama bibi harusi.

Kilichonifumbua macho ni usiku mmoja niliposikiliza sehemu ambazo huwa naziruka. Kati ya Wernigerode na Drei Annen Hohne kuna handaki moja tu, la Thumkuhlental, fupi, ni mita 70 hivi. Ndani yake upepo unabadilika kabisa, unausikia hata usoni. Mngurumo haukubadilika hata chembe. Nikasogea mbele hadi treni imesimama Drei Annen Hohne, kichwa kinanywa maji. Mngurumo kimya, sawa. Lakini kila abiria akipita kibarazani: dum. Akirudi: dum. Mtoto akaruka: dum dum.

Upepo hauvai viatu.

Nilikuwa sirekodi treni ikipita hewani tu, nilikuwa narekodi behewa lenyewe. Kile kibanio nilichojivunia kwa kushika imara ndicho kilikuwa kinabeba kila tetemeko la gurudumu, kila kiungo cha reli, kila soli, moja kwa moja hadi kwenye maiki. Kadiri nilivyokaza skrubu ndivyo nilivyozidi kuharibu. Nilikaa jikoni nikacheka peke yangu.

Vitanda vya mpira vya kutundikia maiki vinauzwa, kwa bei ya nauli nzima ya Brocken. Mimi nimekulia Korogwe. Nikachukua panda la mti, nikaenda kwa fundi baiskeli nikaomba tyubu mbovu, nikakata ukanda. Ndiyo, manati. Rekoda inakaa mahali pa jiwe. Tofauti ni kwamba hii ina mipira minne iliyopishana, miwili juu na miwili chini, ili rekoda isibembee.

Majaribio yote nimefanya juu ya mashine ya kufulia ikiwa inakamua, na sioni kwa nini mtu alipie maabara. Ukanda wa sentimita mbili ulikuwa mgumu mno, tetemeko lilipita kana kwamba hakuna kitu. Sentimita moja, nafuu. Milimita tano, mngurumo ukaisha, lakini rekoda ikawa inacheza kama chandarua. Nilipopunguza urefu wa mipira ya chini tu na ya juu nikaiacha ilegee, ikatulia. Ukijenga ya kwako, anzia hapo. Na usifunge panda kwenye chuma cha behewa hata kidogo. Yangu iko juu ya fimbo ya mguu mmoja, fimbo imesimama juu ya kiatu changu cha kushoto, soli nene. Kiatu changu na goti langu ndizo springi za mwisho. Siku ya pili nilichechemea, lakini faili ni safi.

Maneno mawili kuhusu rekoda, kwa kuwa nitaulizwa. Nilibadilisha nikachukua ya mtumba inayorekodi kwa biti 32. Watu wanasema ni anasa, na kwa kuhoji watu mezani kweli ni anasa. Ila hapa kuna injini inayonong'ona stesheni halafu, bila taarifa, inapiga filimbi mita kumi kutoka sikioni mwako, na hakuna mtu mwenye kidole chepesi cha kuwahi kushusha kiwango. Kwa biti 32 unashusha baadaye nyumbani, hakuna kilichopotea. Ila usidanganyike: maiki yenyewe ikizidiwa, biti haziokoi kitu. Ndiyo maana sikusimama kibaraza cha mbele kabisa, nyuma tu ya kichwa, bali kile cha nyuma cha behewa lilelile la kwanza. Pia makaa ya moto hayakuingii machoni sana.

Safari yenyewe sasa. Ukungu, kama kawaida ya mlima ambao huwa nao zaidi ya siku 300 kwa mwaka. Reli zimelowa. Mzee mmoja aliyevaa beji za reli kifuani kote aliniuliza mnyama niliyembeba ni wa aina gani, nikamwonyesha kidole mdomoni, akaelewa mara moja na akawa askari wangu: kila aliyefungua mlango kuja kibarazani alimnyamazisha kwa jicho. Sikumjua jina. Namdai bia.

Kuondoka stesheni ya Schierke ndiyo dakika ninayoirudia kila saa. Kutoka hapo mpando unafika mita moja kwa kila mita 30, na injini iliondoka polepole, mapigo mazito yenye nafasi kati yake, chwa… chwa… chwa… chwa, halafu magurudumu yakateleza. Mapigo yakamwagika yote kwa pamoja kama mtu kaangusha gunia la nazi, dereva akafunga mvuke, kimya cha nusu sekunde, akaanza upya kwa utaratibu, na safari hii ikashika. Hakuna mngurumo chini yake. Hakuna! Unasikia hadi mchanga unaomwagwa relini ili magurudumu yashike ukisagika.

Pale Goetheweg, mahali pa kupishana treni, tulirudi kinyumenyume kuingia njia ya pembeni isiyo na tokeo, tukapisha treni inayoshuka. Kisha mwishoni reli inauzunguka mlima kama konokono, na kwa kuwa maiki zangu mbili zinatazama kushoto na kulia, unausikia upepo ukihama sikio. Huu sasa ni upepo kweli. Nimeuacha.

Mpango wangu baada ya hapa, walionifuata wanajua, ulikuwa kushuka stesheni ya Steinerne Renne na kurekodi nikiwa kando ya njia, maiki mbili zimeachana mita kadhaa. Nimeuweka kando. Nimepata wazimu mwingine.

Injini ya silinda mbili inatoa mapigo manne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Gurudumu la hivi vichwa lina kipenyo cha milimita 1,000 likiwa jipya, yaani mzingo wa mita 3.14. Kwa hiyo ukihesabu mapigo, umepata mwendo wa treni kwa masikio tu. Nikafungua ile dakika ya Schierke kwenye Audacity, nikakuza, mapigo yanaonekana wazi kama meno ya kitana. Sekunde kumi, mapigo 43. Karibu mizunguko 10.75, mita 34 kasoro kidogo, kilomita 12 kwa saa. GPS ya simu mfukoni iliandika 12! Juu zaidi nikahesabu 76 kwa sekunde kumi, ikatoka 21 na nusu. Nilikaa hadi saa nane za usiku nahesabu. Sasa nataka kuchora mwendo wa mpando mzima kwa mapigo tu, na nimegundua kwamba mkono hautoshi, itabidi nitafute programu ya kuhesabu, maana nilipofika dakika ya sita tayari nilikuwa naota meno ya kitana.

Katika kukuza huko nikaona kitu kingine: mapigo manne hayalingani. Moja kati ya manne ni fupi kidogo kuliko wenzake, tena kila mzunguko. Nikadhani ni ukuta wa jiwe unaorudisha sauti, nikaangalia sehemu nyingine, bado lipo.

Nikamtumia baba mkubwa kipande cha dakika mbili. Yeye aliwahi kuwa fayamani, mtunza moto wa injini, kwenye njia ya Tanga enzi za East African Railways, injini zake zikichoma mafuta mazito, na leo sikio lake moja ndilo zima. Nikamwamkia, nikamwambia sikiliza tu, sikutaja lolote la mapigo. Nimeshona manyoya, nimejenga manati, nimenunua biti 32, na yote hayo yamemfikia kupitia WhatsApp, imekandamizwa, akasikilizia kwenye spika ya simu sokoni.

Baada ya robo saa ikaja sauti yake. "Marahaba mwanangu. Hiyo inachechemea. Tatu nzima, moja kiwete. Lakini inavuta."

Siku mbili nimetembea na hiyo. Kisha jana jioni akapiga mwenyewe. Kupanda, akasema, kila mtu anapanda, unafungua mvuke unaomba Mungu. Kazi ya dereva inasikika akishuka, namna anavyoshika breki na kuachia, na treni nzima imemlalia mgongoni. "Nitumie ya kushuka."

Ya kushuka sina. Kileleni nilizima rekoda kutunza betri, nikaingia ndani nikala mkate.