Nilivyopata kibodi ya mekaniki yenye taa Lubumbashi kwa dola 35

Ukiulizia kibodi ya gemu katika maduka ya mjini, muuzaji atakuwashia taa kwanza. Rangi zinakimbia kushoto na kulia, na mkono unaanza kutafuta mfuko. Mimi nilikuwa na dola 40 tu, na nilikuwa nimeshaamua kwamba taa nitaziangalia mwisho, kwa sababu kibodi nyingi zenye taa nzuri na jina la "mekaniki" kwenye boksi ni za mpira ndani.

Kuna njia moja ya kujua hakika: kung'oa kitufe.

"Papa, niruhusu ning'oe kimoja nione ndani."

"Ng'oa, mwanangu. Ila ukivunja, umenunua."

Niliingiza kucha pande mbili za kitufe cha Esc, nikavuta taratibu. Chini yake palikuwa na kidude cha plastiki kinachokandamiza mpira. Nikakirudisha, nikamshukuru mzee, nikaondoka. Katika duka la upande wa soko la Mzee Kabila, kitufe kilipotoka niliona msalaba mdogo mwekundu umesimama juu ya kijisanduku cha plastiki. Niliubonyeza kwa kidole ukashuka laini, nikauachia ukapanda wenyewe, kwa nguvu ya springi yake. Kibodi ya mekaniki ni hiyo: kila kitufe kina swichi yake.

Umbo la msalaba ule lilianza na Cherry, kampuni ya Ujerumani. Hataza yao, yaani haki ya kuwa wao tu wa kuitengeneza, ilipokwisha muda, viwanda vya China kama Outemu, Gateron na Kailh vikatengeneza swichi za umbo hilohilo kwa bei ya chini. Bila hivyo, mtu mwenye dola 40 asingekuwa na la kuchagua. Kwa hiyo sikuona aibu kuchukua kibodi isiyo na jina kubwa, maadamu swichi zake ni za kweli.

Nilichukua swichi nyekundu. Za bluu zinapiga kelele, kila herufi inalia "tak", na mimi nacheza usiku wadogo zangu wakiwa wamelala chumba hichohicho. Za kahawia zina kinundu kidogo unachokisikia kidoleni, nzuri kwa anayeandika sana. Nyekundu inashuka moja kwa moja, na kwa kawaida inapokea amri ikifika kama milimita 2 kati ya 4 za safari yake.

Jambo lililonichukua muda kuliko yote ni mpangilio wa herufi. Sisi tumesoma kwa Kifaransa, vidole vyetu vimezoea AZERTY, mpangilio wa Kifaransa. Lakini kibodi za bei nafuu zinazofika huku mara nyingi ni QWERTY, mpangilio wa Kiingereza, na AZERTY ya mekaniki niliyoikuta ilipita uwezo wangu. Nikachukua QWERTY, nikaiwekea Kifaransa kwenye mipangilio ya Windows. Kisha nikang'oa A na Q nikazibadilishana, vilevile W na Z. Hapo utagundua kwamba vitufe vya kila mstari vimekatwa kwa mteremko wake, kwa hiyo A iliyopanda mstari wa juu haikai sawa kabisa na jirani zake. Kidole kinazoea. Herufi é iko kwenye 2, è kwenye 7, ç kwenye 9, à kwenye 0, hata kama hazikuchapwa pale. Kitu kimoja hakipatikani: kitufe cha < na > kilicho kando ya Shift ya kushoto, maana kibodi za Kimarekani hazina. Anayeandika programu kila siku alipime hilo kabla ya kulipa. Kwangu halina uzito. Kwenye gemu natembea kwa herufi Z, Q, S na D bila shida.

Nilikuwa nimebeba kompyuta yangu, nikaijaribu palepale dukani. Nilishika Shift, kitufe cha kwenda mbele na cha upande kwa pamoja, kisha nikabonyeza R na kitufe cha nafasi. Vyote viliitika. Kibodi nyingi za mpira humeza kimoja hapo, na katika gemu ya risasi ndipo unapokufa.

Ndipo nikaomba taa. Nilitaka herufi zenyewe zipitishe mwanga, kwa sababu umeme ukikatika usiku huoni herufi iliyochapwa juu ya plastiki nzito hata taa ikiwaka pembeni. Hii ina rangi moja kwa kila mstari na hazibadiliki, ndiyo maana bei yake ni nafuu kuliko zile za RGB, ambazo taa zake hubadili rangi. Mwanga unaongezwa na kupunguzwa kwa kitufe cha Fn na vya mishale. Nikibaki na betri ya kompyuta naushusha chini kabisa, kwani USB 2.0 ya kawaida inaweza kutoa hadi wati 2.5 na zote zinatoka kwenye betri hiyo.

Muuzaji alianzia 45. Tulikutana kwenye 35, kwa noti safi, maana dola iliyochanika hata kidogo hakuna anayeipokea. Kwenye boksi kulikuwa na kikoleo cha kung'olea vitufe na swichi chache za akiba. Swichi za kibodi hii zinachomolewa bila kuchomelea. Kiangazi, vumbi jekundu linapoingia kila mahali, natoa vitufe na kupitisha brashi kavu ya kupakia rangi katikati ya swichi. Maji situmii.