Siku moja na watoto wangu 58 wa darasa la awali, Tukuyu, Mbeya

Saa 11 alfajiri

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi. Imeanza saa nane usiku na bado inachapa bati kama mtu anayemwaga mahindi. Nawasha jiko, nabandika chai, nakagua kikapu cha leo: gunzi moja, vizibo vinne vya soda, ufunguo wa kufuli lililokwishakufa, parachichi bichi, kalamu, jani la chai nililochuma jana njiani na limeshaanza kunyauka. Natia na kijiko cha nyumbani. Mume wangu alishaacha kuuliza vijiko vya nyumba hii vinakwenda wapi.

Saa 12:40

Mabuti, mwamvuli, mteremko. Tope letu jeusi likikushika mguu halikuachii bila mazungumzo. Mlima Rungwe leo haupo, kuna ukungu tu mahali ulipokuwa jana. Napishana na akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani wakiwahi sokoni. "Mughonile!" Tunasalimiana bila kusimama, maana ukisimama unateleza.

Saa 1:20

Kwenye orodha nina watoto 58. Miongozo inasema mwalimu mmoja wa awali awe na watoto 25. Leo wamefika 41, mvua imenisaidia hesabu. Viatu vyote vinabaki mlangoni, tunakaa kwenye mikeka, na kila anayetaka anasimulia alichokiona njiani. Hii haimo kwenye andalio la somo langu, lakini siiachi hata mkaguzi akija.

"Mwalimu, ng'ombe wa babu amesaa."

Zamani ningemkata hapo hapo: sema amezaa. Angerudia amesaa, darasa lingecheka, na kesho yake asingesimulia kitu. Siku hizi nashangaa tu: "Ala! Amezaa? Amezaa dume au jike?" Basi anaendelea. Ndama ana doa hapa, mama yake alitaka kumpiga teke babu, babu akaruka. Neno amezaa nimemrudishia mara nne katika mazungumzo na hajajua kama amefundishwa.

Saa 2

Wengi wao wanaamka na Kinyakyusa, na Kinyakyusa hakina sauti z wala r. Kiswahili wanakikuta sokoni, redioni na kwangu. Kwa hiyo z ikiingia sikioni mwao inavaa nguo ya s, na ng'ombe wanalala kwenye "sisi" badala ya zizi. Kukaripia ulimi hakusaidii kama sikio halijatofautisha.

Mchezo wetu unaitwa Nyuki na Nyoka. Kila mtu aweke vidole viwili kooni. Tuwe nyoka: ssss. Kimya chini ya vidole. Tuwe nyuki: zzzz. Macho yakawatoka. Binti mmoja wa mstari wa mbele akapiga kelele, "Mwalimu, nyuki yumo shingoni!" Ikabidi kila mmoja amtafute nyuki wake, kisha wa jirani, na darasa likawa mzinga kwa dakika nzima.

Halafu natamka maneno bila wao kusema chochote. Zizi: inuka, pepea mabawa. Sisi: lala, tambaa mkekani. Saa, zaa, zaa, saa. Hapo naona kila kitu. Wapo wanaoruka kabla sijamaliza neno, na wapo wanaosubiri kuona mwenzao amefanya nini. Hawa wa pili ndio nawaandika kwenye kidaftari changu, maana wakiitikia pamoja na wenzao "ndiyooo mwalimu" siwezi kuwajua.

Saa 3

Vipindi vyetu ni vya dakika 20, lakini huu wa leo niliuachia ukaiba dakika za jirani yake.

Natandika vitu vya kikapuni, nawapa muda wa kutazama, nafunika na kitenge. Wafumbe macho. Natoa kimoja, nafunua. Nini hakipo? Sharti ni moja: jibu liwe sentensi, si kunyoosha kidole.

"Kijiko hakipo!"
"Ufunguo haupo!"
"Vizibo havipo!"
"Parachichi haipo."
"HALIPO!" wenzake thelathini na kitu kwa pamoja.

Hakuna aliyewahi kuwatajia neno ngeli. Kinyakyusa nacho kina ngeli zake, hivyo wanakuja wakiwa na kabati tayari kichwani, mimi napanga vyombo tu. Ndiyo sababu nikisikia mwalimu mwenzangu akimwadhibu mtoto kwa kusema kilugha uwanjani, nanyamaza kwa shida sana.

Raundi ya mwisho sikuondoa kitu. Niligeuza kijiko tu, mpini ukatazama mlangoni badala ya ubaoni. Kimya kirefu. Wakahesabu, vitu vyote vipo. Wakanituhumu kwamba nadanganya. Mwishowe mtoto mdogo kuliko wote akasema taratibu, "Kijiko kimegeuka." Huyo sina wasiwasi naye tukifika kwenye b na d. Herufi hizo ni kitu kimoja kilichogeuzwa, na asiyeona mgeuko atasoma baba akasema dada, atapigwa, na hatajua kosa lake.

Saa 4

Uji. Mvua imekata. Wasichana wanacheza mdako chini ya upenu, kete ni kokoto. Kurusha, kudaka, kuhesabu, jicho na mkono kwenda pamoja: ningeandika kipindi kizima nisingekipata kizuri hivyo. Nakunywa chai yangu nikiwa nimesimama.

Saa 4:40

Chupa. Nina chupa ndogo kumi za plastiki zilizofungwa gazeti zisionyeshe kilichomo. Ni jozi tano: mchele, maharage, mchanga, kokoto, maji. Mtoto anatikisa moja, anaitafuta pacha wake kwa sikio.

Ikafika zamu ya kijana wa sweta la kijani. Huyu tangu Januari anakaa nyuma, karibu na mlango. Nilimweka mimi. Ukimwita haji, ukimtuma anafanya jingine, na siku moja nilimwambia mbele ya darasa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Akachukua chupa ya kokoto. Hakutikisa. Akaishika mkono wa kulia, akaokota nyingine kwa mkono wa kushoto, akazipandisha na kuzishusha kama muuza nyama anayekisia kilo. Akaiweka chini. Akaokota nyingine. Akapata pacha. Ya mchanga vilevile, akapata. Kwenye mchele na maharage akakwama, akanitazama mdomoni.

Nilipita nyuma yake nikatikisa chupa upande wa kushoto. Watoto watatu waliomzunguka wakageuka. Yeye hapana. Upande wa kulia, akageuka pole pole. Kushoto tena: hapana.

Nilimaliza kipindi, sijui kwa mdomo wa nani.

Saa 6

Bibi yake ndiye anayekuja kumchukua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Leo amefanya nini tena?"

Nikamuuliza kuhusu sikio. Akavuta mjukuu wake karibu, akamgeuza kichwa. La kushoto linatoa usaha tangu akiwa wa mgongoni, linaacha, linarudi. Mahali fulani walipompeleka waliambiwa litakwisha akikua. Nyumbani wakawa wanatia mafuta ya vuguvugu. Nikamwomba asitie kitu chochote tena, afute kwa nje tu kwa kitambaa safi kikavu, na ampeleke hospitali wamwangalie ndani na wapime usikivu. Mimi si daktari, lakini najua sikio linalovuja kwa miaka linaweza kuharibu usikivu, na najua linatibika likiwahiwa. Nikaandika barua fupi aende nayo.

Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga. Akasimama kidogo.

"Kwa hiyo si mkaidi?"

"Si mkaidi, bibi."

"Na viboko vyote vile." Hakusema vya nani. "Ndaga fijo, asante sana, mwalimu."

Saa 8

Ofisini. Mwenzangu wa darasa la tatu ananitania kama kawaida: "Nyinyi wa awali mnakula mshahara wa kuimba." Wazazi nao wanataka daftari. Mtoto akirudi na kurasa tano za a e i o u zilizonakiliwa kwa machozi, mzazi anafurahi, shule inafundisha. Akirudi anasema nyuki yumo shingoni, nafuatwa kuulizwa. Sibishani siku hizi. Nawaalika wakae nasi kipindi kimoja mkekani. Wamekuja wanne tangu mwaka uanze, na mmoja alishindwa kuona kijiko kilichogeuka.

Naandika andalio la kesho: silabi kwa makofi, halafu mfuko wa siri, mkono ndani, mtoto aeleze anachogusa kabla ya kukitoa. Kinakwaruza, ni laini, kina ncha. Msamiati unakaa vizuri ukipitia vidoleni.

Saa 1 usiku

Umeme umekatika, nachora mpangilio wa mikeka kwa tochi ya simu. Sweta la kijani mstari wa mbele, ukutani, upande ambao sikio lake la kulia litanielekea mimi. Nimefuta, nimechora tena, maana nikisogea kuandika ubaoni nitakuwa upande mbaya. Basi nitahamisha ubao.

Jikoni mume wangu anafungua droo, anafunga, anafungua nyingine.

"Mama watoto, kijiko kikubwa kiko wapi?"

Namwaga kikapu mezani. Gunzi, ufunguo, kalamu, parachichi, vizibo vitatu.

Binti yetu, wa miaka minne, ananyanyua tochi, anakagua vitu kimoja kimoja.

"Kijiko hakipo," anasema. "Na kizibo kimoja hakipo."