Nilivyoituliza pH kwenye mnara wa kuoshea moshi

Huku Mtwara ukitaja salfa, mtu anafikiria unga wa kupuliza mikorosho. Mimi nazungumzia ile ya bomba la moshi, tunayoiosha mnarani kwa kunyunyizia moshi uji wa chokaa, yaani unga wa mawe ya chokaa na maji, unaozunguka kutoka kwenye tangi la chini. Boila ikitumia gesi ya Mnazi Bay hatuna shida nayo, maana gesi ile karibu yote ni methani. Kazi huanza tukiwasha mafuta mazito: tani moja yenye salfa asilimia 2.5 hutoa kilo 50 za salfa dayoksaidi, nazo zinataka kilo 78 za kalsiamu kabonati, kiini cha mawe ya chokaa, ili zigeuke jasi. Mawe yetu ya chokaa yana asilimia 92, kwa hiyo napiga hesabu ya kilo 85.

Kilichotutesa ni pH ya tangi, yaani kipimo cha uchachu (ikishuka, uchachu umezidi), kuyumba. Ikishuka chini ya 5, salfa inapita na moshi. Valvu ya uji wa chokaa inafunguka yote, baadaye pH inavuka 6, ukoko unaziba nozeli. Unga wa chokaa hauyeyuki papo hapo. Kipimo kinaposoma 5.1, tangini tayari umo mwingi ambao haujaanza kazi, na pH ikipanda unayeyuka polepole zaidi. Ukiongeza, unalimbikiza tu.

Nikaacha kuifukuza pH. Uji naupanga kwa mafuta yanayochomwa kwa saa. pH nimeiachia marekebisho madogo tu, lengo 5.5. Tope la tangini nalishikilia kwenye asilimia 15 ya yabisi (vitu vigumu visivyoyeyuka), yaani lita moja ya tope iwe na uzito wa kilo 1.09 hivi, ili jasi mpya igande juu ya punje za jasi zilizomo, si ukutani.

Hata hivyo kipimo chenyewe kilitudanganya. Elektrodi ilivaa utando mweupe, ikasoma 5.8 wakati sampuli ya ndoo ilikuwa 5.2. Sasa kila zamu tunaitoa, tunailoweka dakika chache kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, tunaisuuza, kisha tunaisahihisha kwa vimiminika maalumu vyenye pH inayojulikana, 4 na 7.

Chokaa ikiingia na pH ikagoma kupanda, chuja kijiko cha tope, udondoshee asidi ileile mahali penye hewa. Povu jingi maana yake chokaa ipo ila haiyeyuki. Ukisikia na harufu kali ya njiti ya kiberiti iliyowashwa, hiyo ni salfaiti ambayo haijageuka jasi, na ndiyo mara nyingi inayozivika punje za chokaa. Punguza uji, nenda kwenye blowa ya tangi, inayopuliza hewa ya kuigeuza salfaiti kuwa jasi: kagua mkanda, chujio, na matundu ya mabomba ya chini, ambayo huziba kwa jasi kavu.