Daftari la muziki wa bure Mwanza: kumbukumbu ya Juni 2025 hadi Machi 2026

Mwezi Juni mwaka jana nilinunua daftari nikiwa na nia ya kuandika, kwa mwaka mzima, kila mahali ndani ya Mwanza na viunga vyake ambapo mtu anaweza kusikiliza muziki unaopigwa mbele yake bila kulipa. Nilijiwekea masharti mawili: awepo mtu anayepiga ala au kuimba kwa sauti yake mwenyewe, na bure iwe bure kweli. Baa isiyo na kiingilio, lakini ambayo mhudumu hakubanduki mpaka uagize soda ya pili, haihesabiwi.

Sharti la kwanza liliniponza mapema. Mwezi Julai nilikwenda viwanja vya Furahisha, Kirumba, kwenye tamasha la injili lililotangazwa na gari la matangazo siku tatu mfululizo, na kwa muda wote niliosimama pale sikuona hata gitaa moja. Waimbaji walifuatisha midomo juu ya muziki uliorekodiwa. Niliandika sifuri. Nane Nane pale Nyamhongolo palikuwa na vikundi vya ngoma, ila spika za mabanda ziliwafunika.

Ukurasa uliojaa kuliko yote ni wa Bujora, Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, ambako Padri David Clement kutoka Kanada alianzisha makumbusho ya Wasukuma katika miaka ya 1950. Mashindano ya ngoma ya Bulabo, yanayofanyika wakati wa sikukuu ya Ekaristi Takatifu, niliyatazama uwanjani bila kutoa kitu zaidi ya nauli ya daladala. Kikundi cha Wagika husimama upande mmoja na cha Wagalu upande wa pili, vyote viwili huanza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Ndiyo maana hutumiwa kila mbinu, kuanzia chatu anayezungushwa shingoni hadi majembe yanayorushwa juu na kudakwa kwa mdundo katika bugobogobo, ngoma iliyotokana na kilimo cha pamoja. Nilihama upande mara tatu, nikimfuata manju huyu kisha yule, kabla ya kutambua kwamba miguu yangu ilikuwa ikipiga kura.

Mzee niliyesimama naye ndiye aliyenisahihisha kuhusu daftari lenyewe. Nilimwuliza tarehe za ngoma nyingine, naye akataka kwanza kujua kama nilikotoka watu walikuwa wamekwisha kuvuna. Nilifuta safu za miezi kumi na miwili, nikaweka tatu tu: mavuno, sikukuu za dini na mvua. Kwa mpangilio huo Maulidi, ambayo kila mwaka husogea nyuma kwa takriban siku 11, ilipata mahali pake, na mwezi Septemba nilisikiliza dufu na kaswida mtaani hadi usiku wa manane.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja ya Februari, kisha masika yakakaribia, na kurasa zikabaki tupu. Kilichoniokoa ni mazoezi ya kwaya karibu na nyumbani Mabatini, kwa kuwa wakati wa Kwaresima ndipo wanapojiandaa kwa Pasaka. Nilimwamkia mwalimu wa kwaya, nikaomba ruhusa. Alikubali kwa sharti la kupanga viti. Kusikia besi ikirudia mstari mmoja mara kumi, ikikosea, ikisimamishwa, halafu sauti zote nne zikikaa pamoja kwa ghafla, kwangu kunapita tamasha lolote nililoandika, na hutokea mara mbili kwa wiki, mvua inyeshe isinyeshe.

Pasaka ni tarehe 5 Aprili, kwa hiyo Jumapili ya Ekaristi itaangukia 7 Juni. Kwa ajili ya Bujora nimeacha kurasa sita.