Barafu ya Desemba

Mtwara, Jumapili usiku

Kiyoyozi cha chumbani kimeniumbua mbele ya mama mkwe. Kashuka kutoka Newala, kule juu watu wanakojifunika blanketi, akakuta huku Shangani shuka linanata mgongoni kwa jasho. Nikawasha kwa mbwembwe. Upepo ukatoka kama pumzi ya mgonjwa. Asubuhi nafungua kava, mapezi, vile vibati vyembamba vya kupoza hewa, yamevaa barafu nyeupe na maji yanadondokea mto.

Fundi wa kwanza hakugusa hata skrubu. "Gesi ya kupoozea imeisha, dada." Nikamwamini upesi. Tangu bomba lianze kupeleka gesi Dar es Salaam mwaka 2015, huku kila neno ni gesi tu. Akajaza, akalipwa, akaondoka. Siku mbili baadaye feni ya ndani ikawa inazunguka kidogo, inasimama, taa inapepesa.

Jana nikamwita kijana wa Chikongola. Huyu alizima kwanza meni swichi, akasubiri, ndipo akaigusa ile feni ndefu iliyolala kama kijiti cha kusukumia chapati. Ikazunguka laini bila kukwaruza, bushi inayoishikilia nzima. Ila kila jani lilikuwa na ukoko mweusi wa vumbi na unyevu, aibu tupu. Aliusugua kwa mswaki wangu wa zamani.

Kisha akaifungua bodi na kuchomoa kapasita, kijidude cheusi kidogo kuliko kiberiti. Imeandikwa uwezo wa mikrofaradi 1.5, testa ikasoma 0.6. Kapasita ikichoka, mota inazunguka kivivu, hewa haipiti vya kutosha, mapezi yanapoa kupita kiasi na unyevu wa chumba unagandia hapo hapo. Bodi nayo inahesabu mizunguko ya mota. Ikiona haifiki, inakata na kupepesa taa.

"Hata gesi ikipungua inaweza kugandisha, dada, lakini unapima kwanza." Akapima. Yangu ilikuwa imezidi, ikabidi ainyonye iliyozidi kwenye mtungi wake. Yaani nililipa kuongezewa, nikalipa kupunguziwa! Kapasita yenyewe bei yake hainunui hata kuku.

Usiku chumba kikapoa kweli. Mama mkwe akajikunyata ndani ya khanga zote mbili.

"Mwanangu, hii baridi si ndiyo niliyoiacha Newala? Hebu zima."

Rimoti sikuiona mpaka alfajiri.